Kutu ya Mlango wa Abiria

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kwa kawaida nampigia mimi, na kwa kawaida yuko kazini. Leo kapiga mwenyewe, nikajua kuna jambo. Anakuja Jumapili ya tarehe 17. Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha akaendelea. Anasema amechoka kusikia habari za gari lenye kuku ndani na mlango nje. Akifika akalikuta hivyohivyo, mtu wa vyuma chakavu atalibeba siku hiyohiyo, ameshapata namba yake. Akilikuta na mlango wake, tutalipanda wote twende kaburini kwa mama yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mlango uko karibu kwisha.

Uongo mtupu. Mlango wa abiria niliung'oa mwenyewe mwaka juzi, niutoe kutu, niupake rangi. Tangu siku hiyo umeegemea ukuta wa uani, unanyeshewa. Kutu imepanda kutoka chini hadi kwenye kitasa. Gari lenyewe ni zima. Kila asubuhi naliwasha, linaitika, nalizima. Marehemu mke wangu aliliita Kobe, linikumbushe mwendo, kwa kuwa nilikuwa dereva wa gari la mikate, kutwa polepole, na nyumbani nilitaka kwenda kasi kufidia. Yeye ndiye aliyekaa upande wa abiria miaka yote. Sasa anakaa kuku wa shemeji. Anaruka ukuta, anapita pasipo na mlango, anataga kwenye kiti. Simfukuzi. Kiti kikiwa na mtu, hata akiwa kuku, naona afadhali.

Shemeji ni kaka wa marehemu. Nyumba zetu zimepakana, kati yetu kuna ukuta wa kufika shingoni. Alikuwa fundi wa kupaka magari rangi mpaka mgongo ulipomgomea. Mtu mwingine mwenye akili angemwomba. Mimi siombi. Kwanza, mwanangu akiuona mlango mzuri atasema ahsante mjomba, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai. Pili, shemeji anataka mlango uwe wa bluu. Anadai dada yake alipenda bluu. Mke wangu alipenda rangi ya maziwa, ambayo ndiyo rangi ya Kobe. Nimelala naye chumba kimoja, ningejua. Tulibishana hilo wiki chache baada ya msiba, na tangu hapo shemeji hapiti langoni kwangu. Namwona kichwa tu, juu ya ukuta.

Mpango ni huu. Nafanya peke yangu, kimyakimya. Yeye ataona mlango ukiwa umekwisha, na atakosa la kusema.

Jumanne, 5 Machi

Nimesikia dukani kwamba soda nyeusi inakula kutu. Msemaji alikuwa na uhakika sana, ingawa alikuja kununua kiberiti tu. Nimenunua chupa kubwakubwa. Nikaulaza mlango juu ya matofali, nikautandika matambara, nikaumwagia soda mpaka ukalowa. Chupa ya mwisho nimekunywa mwenyewe.

Kichwa cha shemeji kikachomoza. Akauliza kama mlango una kiu. Nikajitia hamnazo. Akauliza tena, kama wageni wengine watapata soda au ni mlango peke yake. Nikaingia ndani na kufunga dirisha. Kupitia kwenye kioo nilimwona bado yupo, ameegemeza kidevu ukutani, anatazama mlango wangu. Alikaa muda mrefu. Sijui alikuwa anatazama nini.

Nimepika wali. Bado sijajua kupika wali wa mtu mmoja. Sufuria ni ileile na mkono wangu ni uleule.

Jumatano, 6 Machi

Sisimizi.

Mlango hauonekani. Wamepanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye mlango, na foleni nyingine kutoka kwenye mlango hadi jikoni kwangu, nadhani kuangalia kama kuna zaidi. Nimemwaga maji ya moto, wakahamia kwenye kabati la sukari. Kuku ndiye pekee aliyefaidi. Alishinda juu ya mlango akidonoa.

Shemeji katoa kichwa na kusema kwamba wale sisimizi ni wa upande wake, amewazoea, na nikimaliza nao niwarudishe. Nimeosha mlango. Kutu iko palepale, ila sasa inanata.

Jioni nikampigia binti yangu nimsimulie kisa cha sisimizi, kwa sababu kinachekesha. Alikuwa kwenye kikao. Akasema atanipigia. Nimekaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Pengine kikao ni kirefu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ni sayansi. Dereva mwenzangu wa mikate alipata kunieleza zamani. Unachukua pipa la plastiki, maji na magadi. Unatia chuma chako chenye kutu upande mmoja na chuma kisicho na thamani upande wa pili. Unaviunganisha kwa chaja ya betri ya gari, waya mmoja huku, mwingine kule. Umeme unaichukua kutu kwenye chuma chako na kumbebesha yule mwingine. Hakuna jasho. Mlango mzima hauingii kwenye pipa, kwa hiyo nikaamua kuanza na bawaba zake, zile za kuushikilia kwenye gari.

Chaja anayo shemeji. Nikamwambia betri ya Kobe imechoka. Akanipitishia chaja juu ya ukuta huku akisema kwamba asubuhi alimsikia Kobe akiwaka vizuri tu. Nikasema ndiyo, ila aliwaka kwa uchovu. Chuma kisicho na thamani sikuwa nacho. Upande wa shemeji palikuwa na sepetu kuukuu, imeegemea ukuta, nyekundu kwa kutu, haina kazi. Alipoingia ndani, mkono wangu ukavuka ukuta. Nikaitoa mpini na kuitosa.

Sasa, waya mwekundu unakwenda wapi na mweusi wapi? Hilo sikumbuki kama dereva mwenzangu alilisema. Nimefikiri kwa utulivu. Mwekundu ndio waya wa heshima, kila mtu anajua. Na mheshimiwa hapa ni bawaba, sepetu ni ya kutolewa kafara. Mwekundu kwa bawaba, mweusi kwa sepetu. Nikawasha. Povu likaanza kupanda, mvumo mdogo ukasikika. Nikaleta kiti nikakaa karibu hadi jua lilipozama. Uani kulikuwa na kitu kinachofanya kazi, kama vile mtu ameacha chungu jikoni na yuko hapahapa, anakuja. Sikutaka kuizima. Nimeiacha ilale inachemka.

Ijumaa, 8 Machi

Sepetu imetoka inang'aa. Ningeweza kunyoa ndevu nikijitazama humo.

Bawaba zimekwisha. Moja ina matundu, nyingine nilipoishika ilivunjika vidoleni kama biskuti. Nilikaa nikiitazama mikono yangu. Mheshimiwa ameliwa na kafara imekula.

Nikairudisha sepetu kwenye mpini wake, nikanyata hadi ukutani niiweke pale pale ilipokuwa. Nikakutana na kichwa. Shemeji aliitazama sepetu kwa muda mrefu, nami nikasubiri matusi. Akasema ilikuwa ya baba yao. Siku nyingi alitaka kuisafisha lakini mgongo haukumruhusu kuinama. Akasema ahsante shemeji. Nikamjibu si kitu.

Halafu akaziona bawaba. Alicheka mpaka akashuka ukutani, nikamsikia anacheka akielekea ndani, nikamsikia anacheka akirudi. Akanipitishia bawaba nyingine, nzima, kutoka kwenye masanduku yake ya kazi. Akasema nizichukue, mradi mlango uwe wa bluu. Nikasema nitafikiria.

Nimefikiria. Maziwa.

Jumapili, 10 Machi

Sayansi basi. Tangu jana ni brashi ya waya, msasa na mkono wangu mwenyewe. Mabega yamekufa ganzi. Lakini mlango! Umetoka mweupe peee, juu mpaka chini, hauna hata doa. Nikauosha kwa sabuni na maji kuondoa vumbi, ukazidi kung'aa. Miaka yote ya kupeleka mikate sijawahi kufanya kitu kizuri hivi kwa mikono yangu.

Nikageuka nimwonyeshe mtu. Kuku alikuwepo. Alitazama kwa jicho moja kisha akaendelea na mambo yake.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu. Chini ya dirisha, kwa nje, palikuwa na mikwaruzo midogomidogo. Mke wangu alizoea kukaa mkono ukiwa nje. Nikikanyaga mafuta kupita kiasi alikuwa hasemi neno. Anagonga mlango kwa pete. Tik, tik. Hiyo ndiyo ilikuwa polepole yake. Mikwaruzo ile niliiona kila siku, na msasa umeipitia pamoja na kutu. Sikukumbuka mpaka nilipokwisha. Nikakaa chini kidogo, palepale kwenye vumbi la kutu. Pengo lake nimeliona sana leo.

Nina kopo la praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Ningepaka leoleo. Lakini nikiipaka, nani atajua kilichomo chini yake? Rangi inafunika kila kitu. Watu watasifu rangi. Kazi yote hii itakuwa siri yangu na kuku. Kwa hiyo nimeuegemeza mlango mahali ambapo kichwa cha shemeji huwa kinatokea. Aone kwanza, halafu nitapaka. Hakutokea. Nikakohoa. Nikaburuta ndoo kwenye sakafu. Hakutokea. Basi, kesho.

Jumatatu, 11 Machi

Mlango umekuwa wa chungwa. Wote.

Umande, kasema shemeji. Alitokea mara tu nilipoanza kulalamika peke yangu. Shavu lilikuwa limevimba, jana alishinda kitandani na jino. Akaniambia, kwa upande mmoja wa mdomo, kwamba chuma kikishatolewa kutu hakiachwi wazi hata usiku mmoja, na kukiosha kwa maji ndiko kuiita kutu kwa jina. Praima inapakwa saa ileile, vumbi likishafutwa tu. Ndilo jambo la kwanza alilowafundisha vijana wake. Halafu akaliona kopo langu la praima pale chini. Akauliza, kama nilikuwa nayo jana, kwa nini sikupaka?

Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa namsubiri yeye? Nikasema nilitaka chuma kipumue kwanza.

Akalirudia neno hilo polepole, kipumue, akashika shavu lake kwa sababu kucheka kulimuuma.

Jumatano, 13 Machi

Jana na leo, msasa tena. Mlango umerudi kuwa mweupe. Sasa mimi si mjinga, nimeshajua chuma hakiachwi wazi. Niliishika praima mkononi kabisa. Kisha nikafikiri, shemeji amekwenda kung'oa jino na atarudi jioni. Je, hakuna mtu hata mmoja duniani wa kuuona kabla? Nikautoa mlango nje ya lango, nikauegemeza upande wa barabara.

Mama mmoja akauliza kama ni meza. Wanafunzi wawili walijitazama humo wakatengeneza nywele. Kisha akaja mtu na mkokoteni, akasimama, akauangalia mlango kwa makini. Moyo wangu ukajaa. Nikajiandaa kumweleza habari za msasa. Akainama, akaunyanyua pembe moja, akaurudisha chini. Akasema sio mzito sana, lakini utasaidia. Ndiye mtu wa vyuma chakavu! Alikuwa anapita kuangalia njia, kama mkokoteni utaingia langoni. Binti yangu amemwambia aje Jumapili asubuhi, asubiri nje, apewe jibu. Niliukumbatia mlango wangu nikarudi nao ndani kinyumenyume.

Hiyo Jumapili si ya mchezo. Kobe akiondoka, asubuhi nitawasha nini?

Jioni shemeji akarudi lakini akaingia ndani moja kwa moja, mdomo umejaa pamba. Nikapata wazo, na nadhani ndilo wazo bora la wiki hii. Nimeupaka mlango mafuta ya kupikia, pande zote, kwa kitambaa. Umande hauwezi kupenya mafuta. Kesho ataukuta mweupe vilevile. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Alhamisi, 14 Machi

Mafuta yamefanya kazi! Hakuna kutu hata chembe.

Shemeji akatoa kichwa mapema. Nikauinua mlango mpaka ukutani. Akanyoosha mkono, akakiweka kidole gumba juu kabisa, akakiteremsha taratibu hadi alipoweza kufika. Akakitazama kidole. Akasema si mbaya.

Si mbaya. Kutoka kwake! Mtu huyu siku ya harusi yangu alisema suti yangu ingeweza kuwa mbaya zaidi. Aliongeza maneno kupitia kwenye pamba, nilisikia kitu kuhusu kufuta mafuta kwa thina, lakini sikuyashika, mimi nilikuwa bado niko kwenye si mbaya. Nikakimbilia kopo. Praima asubuhi, rangi ya maziwa alasiri. Umependeza sana.

Nimempigia mwanangu akapokea. Nikamwambia mlango tayari, na safari hii haikuwa uongo. Akafurahi, nilisikia sauti yake ikibadilika. Akauliza kama mjomba amenisaidia. Nikamwambia mjomba alikuwa na shughuli za jino.

Ijumaa, 15 Machi

Rangi haikushika. Imejikusanya vidongevidonge, sehemu nyingine imeachia. Nikaigusa kwa ukucha, ukatoka utando mzima, mwembamba, mrefu, kama wa maziwa yaliyochemka. Chini yake chuma changu kizuri, kinateleza kwa mafuta.

Nikavuta utando mwingine. Nikavuta mwingine. Kisha nikaketi kwenye gari, upande wangu wa dereva. Kuku alikuwa upande wake. Keshokutwa mwanangu anakuja na mkokoteni uko nyuma yake. Nikajaribu kutafuta hila nyingine, kama kawaida yangu. Haikuja hata moja. Maji yamenifika shingoni. Nilitaka kufa na tai shingoni, lakini tai yenyewe nimeifutia vumbi la msasa.

Nikaenda ukutani, nikagonga kwa kiganja. Kichwa kikatokea. Nikasema shemeji, nimeshindwa.

Akanitazama, akautazama mlango, kichwa kikashuka. Nikajua amekwenda ndani kucheka vizuri. Nikasikia lango langu linalia. Alikuwa amezunguka. Kaingia kwa miguu yake, na sanduku lake la kazi, akipita katikati ya uwanja kama alivyokuwa akipita zamani, dada yake akiwa hai. Akaomba kiti cha kuegemeza mgongo.

Tulifanya kazi hadi jioni. Yeye amekaa, mimi nimechuchumaa. Thina kwanza, kuondoa mafuta yote. Msasa. Thina tena, kwa kitambaa kikavu. Praima papo hapo, kabla hata sijanyoosha miguu. Alikuwa anaongea bila kupumzika, pamba imetoka na maneno yote ya siku tatu yametoka nayo. Akanieleza mambo ya chaja, mambo ya thina, makosa yangu moja baada ya jingine. Sikujitetea. Uani kulikuwa na kelele.

Jumamosi, 16 Machi

Praima imeshika vizuri, ngumu kama sahani. Kisha likaja suala la rangi.

Tuligombana asubuhi nzima. Shemeji akasema bluu, na gauni alilovaa dada yake kwenda kuanza kazi lilikuwa la bluu. Nikasema maziwa, na mapazia yote ya nyumba hii alichagua marehemu, ayaangalie. Akasema mapazia si gauni. Nikasema gauni alishonewa na mama yao. Akasema angekuwepo angetuambia mwenyewe. Hapo tukageuka wote wawili, tukautazama mlango.

Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba gari ni langu lakini bawaba ni zake. Basi mwili ubaki wa maziwa, na mlango uwe wa bluu. Nikasema litaonekana kama suruali yenye kiraka. Akasema ndiyo. Akapuliza rangi kwa bomba lake, amekaa kitini, mimi nikiuzungusha mlango mbele yake kama mshonaji na nguo ya mteja. Ulipokauka tukaufunga kwenye gari. Niliuvuta ukafungika kwa sauti yake ileile ya zamani. Kuku alikuwa nje, akabaki nje.

Shemeji amekula hapa. Wali umekwisha wote, hata ukoko.

Jumapili, 17 Machi

Mwanangu kafika. Amekonda kidogo. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshafika langoni, anatafuna kijiti.

Alilizunguka gari taratibu. Shemeji akajikuna. Mimi nilishika kikombe cha chai, maana mikono ilihitaji kazi. Alipofika kwenye mlango wa bluu akasimama. Akaanza kucheka, kisha akajifuta macho, kisha akacheka tena. Akaenda langoni akamwomba radhi mtu wa mkokoteni kwa kumsumbua. Mtu yule akasema hakuna tabu, atapita mwakani.

Akasema ahsante mjomba. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe, kama nilivyotabiri. Kisha akaja akanikumbatia mimi, chai ikamwagika, akasema ahsante baba. Mjomba ndiye aliyetangulia, nimeiandika hapa ijulikane.

Tukaondoka. Mwanangu kwenye kiti cha mama yake, shemeji nyuma, analalamikia mgongo kila shimo. Tulipofika kwenye barabara nzuri nikamwachia Kobe kidogo. Kidogo tu. Mwanangu alikuwa ametoa mkono dirishani. Hakusema neno. Akagonga mlango kwa pete. Tik, tik.

Nikapunguza mwendo. Hajui alichofanya, alikuwa anaangalia nje. Kwenye kioo nilimwona shemeji ameacha kulalamika. Ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

Jioni kaondoka, kesho ana kazi. Atakuja tena akipata likizo. Likizo haijui itakuwa lini. Nimeuangalia mlango: chini ya dirisha kuna mkwaruzo mmoja, mdogo. Shemeji akasema ataufuta kwa rangi kidogo, dakika moja tu. Nimemwambia akiugusa tutavunja undugu.

Jumatano, 20 Machi

Kimya.

Kobe mzima. Mlango mzima. Kuku alikuja Jumatatu, akalizunguka gari, akachungulia, akarudi kwao. Hajaja tena. Shemeji hajatoa hata kichwa. Na atoe kwa nini? Uani kwangu hakuna cha kuchekwa. Jana nilikohoa. Nikaburuta ndoo. Nikamwasha Kobe mara mbili. Wali wa jana nimemwaga.

Leo asubuhi nimezikagua bawaba kwa makini, maana mtu mwenye gari lazima akague. Ile ya juu, ukiitazama kutoka chini, jua likiwa upande wa kushoto, ina kidoa. Huenda ni kutu. Huenda ni kivuli. Lakini kutu haichezewi, nimejifunza hilo kwa uchungu. Nimeung'oa mlango. Nimeuegemeza palepale ukutani, upande wa mkwaruzo ukinitazama mimi. Nilipogeuka kuweka bisibisi chini, kuku alikuwa ameshakaa kitini.

Pipa nimelijaza maji na magadi. Chaja bado iko kwangu, hakuidai. Sepetu ya baba yao ilikuwa imeegemea ukuta upande wake, inang'aa, mkono wangu ukavuka. Akiikosa ataitafuta, na akiitafuta atatazama huku.

Limebaki la waya. Ijumaa ile shemeji alinieleza upi unakwenda wapi. Alirudia, na kila aliporudia niliitikia kwa kichwa. Sikushika hata neno moja. Nilikuwa nafurahia tu kwamba kuna mtu anaongea uani kwangu. Kwa hiyo imenibidi nifikiri mwenyewe, kwa utulivu. Mwekundu nimempa mheshimiwa.

Povu limeanza kupanda. Nimetoa viti viwili.